Nyumba ya Wawili Nyuma ya Gari: Historia ya Trela Dogo la Safari

Mke na mume wanaotaka kununua trela la safari, lile lenye kitanda na jiko ndani linalofungwa nyuma ya gari, kwa kawaida huanza na orodha ya mahitaji: kitanda kipana, friji, choo, bafu, meza itakayotosha wageni. Orodha ikishakamilika ndipo hutafuta gari la kuivuta. Historia ya chombo hiki, ambacho kimekulia Ulaya na Amerika Kaskazini, inapinga utaratibu huo. Matrela madogo yaliyopendwa na kudumu ni yale ambayo waundaji wake walianza kupiga hesabu mbele, kwenye gari, wakarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye kitanda. Yaliyoanzia kwenye wazo la nyumba yaliendelea kunenepa hadi yakawa nyumba kweli, na nyumba haisafiri. Hoja yangu ni kwamba trela la watu wawili halikupatikana kwa kulipunguza trela kubwa la familia. Lina asili yake na kanuni zake, na anayetaka kulichagua vizuri leo anahitaji kuijua asili hiyo.

Tuanze na chombo kilichoanzia kwenye nyumba. William Gordon Stables alikuwa Mskoti, daktari wa zamani wa jeshi la wanamaji la Uingereza, ambaye baadaye alijipatia jina kwa kuandika hadithi za vijana. Watu wa jamii ya Roma, pamoja na wacheza sarakasi, walikuwa tayari wakiishi kwenye magari ya farasi yenye paa, lakini kwao hayo yalikuwa makazi na kitendea kazi. Stables alitaka kusafiri kwa starehe tu. Aliagiza gari lake, Wanderer, kutoka kiwanda cha mabehewa cha Bristol, na mwaka 1885 akasafiri nalo kutoka Twyford, kusini mwa Uingereza, hadi Inverness, kaskazini mwa Scotland. Lilijengwa kwa mbao za fahari na kupambwa kama sebule ya bwana mkubwa, na likishapakiwa lilikaribia tani 2. Farasi wawili walilivuta, mwendeshaji aliwaongoza, na mtumishi alitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuangalia kama njia ni nyeupe. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hapo methali hiyo inasema kweli tupu: uzito wa mbao na samani haukumsumbua mwenye gari, kwa kuwa waliouhisi kwenye kila mlima walikuwa farasi. Mwaka 1907 wapenzi wa safari hizo waliunda chama chao Uingereza, na Stables alikuwa miongoni mwa viongozi wake wa mwanzo. Hata hivyo, starehe ya aina hiyo isingeweza kuwafikia wengi, kwa sababu iliwahitaji wanyama na watumishi.

Gari la injini ndilo lililobadilisha hesabu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia mwaka 1919, kampuni ya Eccles ya Birmingham ilianza kutengeneza matrela ya kuvutwa na magari. Magari ya wakati huo yalikuwa na injini dhaifu na breki hafifu. Mlimani trela zito lilisimamisha safari, na mteremkoni lililisukuma gari mbele kwa nguvu ambazo breki hazikuweza kuzikabili. Kwa mara ya kwanza anayesafiri na anayebeba gharama ya uzito akawa mtu yuleyule. Ndipo lilipozuka swali ambalo Stables hakuwahi kulazimika kujiuliza: ni kitu gani nikiache nyumbani? Swali hilo, kwa maoni yangu, ndilo mzazi wa trela dogo. Umaskini ulichangia, na tamaa ya mandhari ilichangia, lakini kilicholipa trela umbo ni ulazima wa kuchagua.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Isny, mji mdogo wa Allgäu kusini mwa Ujerumani. Kampuni ya familia ya Dethleffs ilikuwa ikitengeneza mijeledi tangu mwaka 1832, na baadaye ikaongeza fimbo za kutelezea kwenye theluji. Arist Dethleffs alikuwa akizunguka kwa majuma kadhaa kuwauzia wateja bidhaa hizo. Mchumba wake, Fridel Edelmann, alikuwa mchoraji wa mandhari, na hakupenda kuachwa nyuma kila safari. Alitaka chombo ambacho wangesafiri nacho pamoja, yeye akichora huku mwenzake akifanya biashara. Mwaka 1931 Arist alikiunda kwa mikono yake, na hilo huhesabiwa kuwa trela la kwanza la safari nchini Ujerumani. Sehemu ya paa lake iliweza kuinuliwa, ili njiani liwe fupi na kwenye kituo mtu aweze kusimama wima. Tazama mambo matatu yaliyolifanya: gari moja la mfanyabiashara, watu wawili wenye kazi zao, na barabara za milimani. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotokana na ramani ya nyumba. Trela lile lilibuniwa kutokana na ndoa iliyokuwa ikitarajiwa na safari iliyokuwa tayari ikifanyika, na wateja waliofuata walilitaka kwa sababu nao walikuwa na safari.

Marekani katika miaka hiyohiyo ilionyesha njia zote mbili kwa wakati mmoja. Mwaka 1919 wasafiri wa magari walikusanyika De Soto Park mjini Tampa, Florida, wakaunda chama cha Tin Can Tourists, na wengi wao walilala kwenye mahema na vibanda walivyovibuni wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Arthur Sherman, mtaalamu wa bakteria wa Detroit, alitengeneza trela kwa ajili ya familia yake, na katika miaka michache kampuni yake, Covered Wagon, ikawa kubwa kuliko zote katika biashara hiyo. Shauku ilipanda kiasi kwamba mtabiri maarufu wa uchumi, Roger Babson, alidai kuwa katika miaka 20 nusu ya Wamarekani wangekuwa wakiishi kwenye matrela. Utabiri huo haukutimia, ila unaonyesha jinsi watu walivyolitazama trela: kama nyumba ya bei nafuu. Uhaba wa nyumba wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake uliliongezea wazo hilo nguvu. Matrela yakarefuka, na katikati ya miaka ya 1950 yakaja yenye upana wa futi 10, karibu mita 3, ambayo gari la kawaida halikuweza kuyavuta na barabara hazikuyaruhusu bila kibali. Yalipelekwa mara moja kwenye kiwanja chake na kubaki hapo. Siyadharau, kwa kuwa yamewapa makazi watu wengi wenye kipato kidogo. Nasema tu kwamba tawi hilo la historia lilifikia mwisho wake wa kimantiki: chombo kilichobuniwa kwa kipimo cha nyumba kilitulia mahali pamoja kama nyumba.

Tawi la pili lilianzia kwenye karakana za nyuma ya nyumba. Katika miaka ya 1930 mafundi wa Marekani, hasa California, walibuni trela lenye umbo la tone la maji: mbele limeviringana na nyuma limeteremka, lote likiwa chini kiasi kwamba gari lenyewe lililikinga na upepo. Ndani hamkuwa na kitu ila kitanda cha watu wawili. Jiko lilikuwa nyuma, chini ya mlango wa bawaba ulioinuliwa juu na kuwa kivuli cha mpishi. Mwaka 1947 jarida la Popular Mechanics lilichapisha michoro yake, na watu wakajijengea wenyewe, wengine kwa alumini na magurudumu yaliyobaki vitani. Vipimo vyake vilitokana na mbao za dukani: ubao wa plaiwudi una futi 4 kwa 8, yaani mita 1.22 kwa 2.44, na hayo ndiyo takriban mapana na marefu ya trela lenyewe. Kitanda cha mita 1.22 kinawabana watu wawili, lakini kinawatosha. Msomaji anaweza kuliona umbo hilo kama ufukara uliopakwa rangi. Mimi naliona kama jibu kamili kwa swali la nini kiachwe nyumbani: katika nchi yenye jua na mvua chache, sebule na jiko vinaweza kubaki nje, na kinachohitaji kuta ni usingizi.

Lakini udogo na wepesi ni mambo mawili tofauti, na anayenunua asipoyatenganisha atapotea. Trela dogo linaweza kuwa zito kama limejengwa kwa mbao nene na makabati mazito. Wepesi uliingia katika biashara hii kutoka mahali pamoja mahususi, yaani kiwanda cha ndege. Glenn Curtiss, mmoja wa waanzilishi wa usafiri wa anga Marekani, alikuwa akitengeneza matrela aina ya Aerocar mwishoni mwa miaka ya 1920. Hawley Bowlus, aliyekuwa msimamizi katika kiwanda cha Ryan kilichounda Spirit of St. Louis, ndege ambayo Charles Lindbergh aliirusha peke yake kuvuka Atlantiki mwaka 1927, alitoa mwaka 1934 trela la alumini lililofungwa kwa riveti kama bawa, mlango wake ukiwa mbele juu ya kiungio. Biashara yake haikudumu, ila Wally Byam aliifuata njia hiyo na mwaka 1936 akatoa Airstream Clipper. Huko Ujerumani, Erich Bachem, mhandisi aliyebuni ndege ya roketi Natter mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, aliungana na Erwin Hymer wa Bad Waldsee, na kuanzia mwaka 1957 wakaunda matrela yaliyouzwa kwa jina la Eriba. Mifupa yake ilikuwa mabomba ya chuma yaliyoungwa kama kiunzi cha ndege, yakavishwa bati la alumini, na paa likawa la kuinuliwa. Puck, lililokuwa dogo kuliko yote, lilivutwa na magari ya mwananchi wa kawaida. Curtiss, Bowlus na Bachem hawakuwa na makubaliano yoyote. Walitoka katika kazi ambayo kila kilo huinuliwa kwa nguvu inayohesabika, na walipogeukia trela hawakuweza kufikiri kwa namna nyingine.

Afrika yetu iliwahi kuwa uwanja wa majaribio wa mojawapo ya vyombo hivyo. Mwaka 1959 Byam aliongoza msafara wa matrela 41 ya Airstream kutoka Cape Town hadi Cairo, ukapita Kenya na Ethiopia na kufika kwenye mapiramidi ya Giza mwaka 1960. Safari hiyo husimuliwa kama ushindi wa trela la alumini, na kwa kiasi fulani ni kweli. Ila tukumbuke kilichokuwa mbele: pikapu na malori yenye nguvu, yakivuta matrela ya ukubwa wa kawaida katika barabara ambazo nyingi hazikuwa na lami. Ukiwa na lori na mafundi wa kuandamana nawe, unaweza kuvuta karibu chochote. Inafaa kutambua kwamba mwaka 1961 kampuni hiyohiyo ilitoa Bambi, trela la futi 16, chini ya mita 5, kwa watu wawili na gari la kawaida. Jina lake Byam alilichukua kutoka lugha ya Angola, ambako ni jina la mnyama wa aina ya paa. Miaka sitini baadaye Bambi za kwanza bado zinatafutwa kwa bei kubwa.

Hatua ya mwisho ninayotaka kuitaja ilipigwa Winnipeg, Kanada. Ray Olecko alikuwa na uzoefu wa faibaglasi, nyenzo aliyoitumia kutengeneza matangi ya maji taka. Mwaka 1968 alitumia nyenzo hiyo kuunda Boler, trela la futi 13, takriban mita 4, lililofanana na yai na lenye uzito wa chini ya kilo 500 likiwa tupu. Mwili wake ulikuwa vipande viwili vilivyomiminwa kwenye kalibu, cha juu na cha chini, vikaunganishwa katikati. Faida ya ujenzi huo haikuwa wepesi tu. Trela la kiunzi cha mbao huuawa na maji yanayopenya kwenye maungio ya paa na kuozesha ndani kwa siri, ilhali ganda la faibaglasi lina maungio machache sana ya kupenya. Wazo hilo lilivuka mpaka hadi Minnesota, ambako Scamp lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Texas, ambako Casita lilianza mwaka 1983, na yote mawili yameendelea kutengenezwa hadi karne hii. Mafuta yalipopanda bei ghafla mwaka 1973, wenye matrela hayo walikuwa wamejiandaa bila kujua.

Kuna pingamizi la kwanza ambalo ni la haki. Mtu atasema: watu walichukua madogo kwa sababu magari yao yalikuwa dhaifu na mifuko yao mitupu, walipopata magari makubwa walinunua makubwa, na soko la Marekani linathibitisha. Nakubali kwamba wengi walifanya hivyo. Lakini kama udogo ungekuwa umaskini peke yake, ungekufa umaskini ulipopungua. Bowlus na Airstream hayakuwa ya maskini hata siku moja, kwa kuwa alumini iliyofungwa kwa riveti ni kazi ya gharama. Eriba lenye paa la kuinuliwa liliendelea kutengenezwa kwa miongo mingi katika Ujerumani iliyokuwa tajiri, likinunuliwa na watu wenye uwezo wa kununua mara mbili ya ukubwa huo. Maboler ya miaka ya 1970 yanakarabatiwa na watu ambao si maskini. Uhitaji ulilizaa trela dogo, lakini uhitaji ulipoondoka bado lilikuwa na sababu ya kuishi, kwa maana lilifanya kazi moja vizuri kuliko mbadala wake: liliwafikisha wawili mahali, likawaacha na nguvu ya kuendelea kesho.

Pingamizi la pili linahusu magari ya leo. Injini zina nguvu, breki ni bora, kwa nini basi tuendelee kuhesabu kilo? Jibu la kwanza ni la sheria. Katika Umoja wa Ulaya, leseni ya kawaida ya daraja B imeruhusu kwa muda mrefu trela la hadi kilo 750 nyuma ya gari la hadi kilo 3,500. Trela likizidi hapo, jumla ya gari na trela isizidi kilo 3,500, la sivyo dereva anahitaji mafunzo au mtihani wa ziada. Jibu la pili ni la maumbile: ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo na kwa eneo la uso unaopambana na upepo, na hakuna injini inayofuta kanuni hiyo. Inaweza tu kuilipia kwa mafuta. Jibu la tatu limekuja na gari la umeme, ambalo likivuta trela refu na pana linaweza kupoteza karibu nusu ya masafa yake. Kampuni ya Dethleffs imejaribu kuweka betri na mota kwenye trela lenyewe, na mwaka 2021 trela hilo lilivuka milima ya Alps nyuma ya gari la umeme bila kuchajiwa njiani. Ni kazi ya kusifiwa, lakini betri nazo zina kilo zake na bei yake. Vyama vya Uingereza vimekuwa vikiwashauri madereva wapya trela lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari. Ushauri huo una mantiki ileile ya miaka ya 1920, kwamba mkia usije ukamtawala ng'ombe.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi, nalo ni la utu. Watu wawili si mizigo. Wanazeeka, magoti yanauma, mmoja huamka usiku na kumruka mwenzake ili atoke, na mvua ya siku tatu ndani ya tone la plaiwudi inaweza kuharibu hata mapenzi ya kweli. Hapa sitetei udogo kwa ajili ya udogo. Historia yenyewe haiutetei: trela la tone lilistawi California, ambako anga ni kavu, na Allgäu yenye theluji ikahitaji paa la kuinuliwa, jiko la ndani na nafasi ya kusimama. Kila mahali palipata trela lake kwa kuwa waundaji walitazama hali ya hewa na miili ya watu wao. Kwa hiyo wawili wenye umri mkubwa wakisema kitanda kisichokunjwa na choo cha ndani ni lazima, hawajaisaliti kanuni. Wameitimiza, mradi wakubali kulipia kilo hizo kwa kuacha kitu kingine, kama meza ya watu wanne watakaokuja mara moja kwa mwaka au kitanda cha pili ambacho hakitalaliwa na mtu.

Ndiyo maana naona utaratibu wa kuchagua unapaswa kufuata utaratibu wa historia. Kwanza isomwe kadi ya gari: linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi, na kiungio chake kinahimili uzito gani wa kushuka chini. Pili itazamwe tofauti kati ya uzito wa trela tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa, kwa sababu humo ndimo maisha yote ya safari yanamoingia. Lita 60 za maji ni kilo 60, na mitungi miwili ya chuma yenye gesi ya kilo 11 kila mmoja huzidi kilo 40, kabla ya nguo, sufuria na viti. Tatu waulizane wenyewe, kama Fridel na Arist walivyolazimika kuulizana, kila mmoja anakwenda kufanya nini huko waendako. Anayechora anahitaji mwanga na mahali pa kukaa, anayepika anahitaji pa kukata vitunguu mvua ikinyesha, na wote wawili wanahitaji kulala bila kugombana. Majibu ya maswali hayo yakishapatikana ndipo orodha ya vitu iandikwe, nayo itakuwa fupi kuliko ile ambayo wangeanza nayo dukani. Miaka karibu mia moja ya kazi ya watengeneza mijeledi, wahandisi wa ndege na mafundi wa faibaglasi inaonyesha kwamba orodha fupi iliyofikiriwa na wote wawili huzaa trela linalotumika mwaka hadi mwaka, na kwamba kilo zilizoongezwa bila swali hulipwa kwenye kila mlima na watu wasiozihitaji.